Kabla hujamwita mtoto wa kidato cha kwanza "mzito", mpime kwa Kiswahili na kwa Kiingereza

#1 Chaki Nyeupe

Habari zenu wakuu. Walimu, wazazi, na wote mnaopita humu.

Nafundisha Hisabati shule ya kata, mwaka wa 11 huu. Kila Januari tukishapokea kidato cha kwanza, haziishi wiki mbili utasikia ofisini: "Mwaka huu wametuletea wazito." Na mimi nimeisema sana. Nimeiandika mpaka kwenye ripoti za wazazi kwa maneno ya adabu, "aongeze bidii", huku moyoni nimeshamkatia tamaa mtoto wa miaka 14.

Kilichonibadilisha ni ubao. Miaka mitatu iliyopita niliandika: "Find the LCM of 4 and 6." Siku ya nne hiyo tuko kwenye mada ileile. Watoto 70 na ushee, kimya. Nikamwita binti mmoja wa dawati la nyuma, akasimama, akainamisha kichwa, akaanza kukunja ncha ya sketi. Nilikuwa nimechoka. Nikafuta ule mstari nikaandika: "Tafuta KDS ya 4 na 6." Darasa likaamka. Vidole juu mpaka mlangoni, wengine hawakungoja kuitwa: "Kumi na mbili, mwalimu!" Yule binti, bado amesimama, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndiyo hiyo."

Siku nne nzima nilikuwa nawafundisha kitu walichokuwa nacho tangu shule ya msingi, kwa jina wasilolijua.

KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, namba tasa, namba shufwa, mzingo, kipeuo cha pili, kiasi na asili. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali anaingia sekondari na mzigo mzima wa maarifa, umefungwa kwa Kiswahili. Akifika kwetu tunamtaka aanze kama hajawahi kusoma kitu.

Tumefikaje hapa, wengi mnajua. Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania kufuatia sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sekondari ikabaki na Kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta ikapendekeza mwaka 1982 kwamba kuanzia 1985 Kiswahili kipande hadi kidato cha kwanza. Serikali ikaamua Kiingereza kiendelee. Sera ya elimu ya 2014 ikakifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote, lakini darasani kwetu mambo yakabaki yaleyale. Naomba tusiugeuze uzi huu kuwa ubishi wa lugha ipi itumike. Uamuzi huo hauko mikononi mwangu. Watoto wa Jumatatu saa 2 asubuhi ndio walio mikononi mwangu.

Naendelea hapa chini, mtaniwia radhi kwa urefu.

#2 Chaki Nyeupe

Nilianza kwa kupima upya. Maswali 10 ya darasa la tano na la sita: kujumlisha sehemu, mzingo, asilimia, fumbo moja la kununua na kuuza. Siku ya kwanza kwa Kiingereza. Kesho yake maswali yaleyale, namba nimebadilisha, kwa Kiswahili. Siku ya tatu nikachukua aya fupi ya Kiswahili, sentensi tano hivi, nikamsikiliza kila mtoto akisoma, mmoja mmoja, nje chini ya mwembe. Nje kwa sababu ya aibu. Kijana aliyeanza kuota ndevu hawezi kukubali mbele ya wenzake kwamba hasomi.

Nilichokiona ni watoto wa aina tatu ambao sisi tumewapa jina moja.

Wa kwanza, na ndio wengi: karatasi ya Kiingereza anapata 2, ya Kiswahili anapata 7 au 8. Huyu hana tatizo la Hisabati hata kidogo.

Wa pili anasoma Kiswahili vizuri, ila karatasi zote mbili zimemshinda. Huyu ana mapengo ya hesabu yenyewe, mara nyingi kwenye sehemu na kwenye kugawanya. Ukimpa Kiingereza peke yake hujamsaidia.

Wa tatu hasomi. Hata Kiswahili. Anazitambua herufi, "baba" na "kalamu" anazisoma, akifika "kunywa" au "ng'ombe" anakwama, anakutazama usoni ili akisie. Na mtihani wa kuchagua jibu unaweza kumvusha mtoto wa namna hii mpaka sekondari bila mtu kujua. Walikuwa wachache darasani kwangu, lakini walikuwepo, na kila mmoja alikuwa mtoto mtulivu kabisa, daftari safi. Wananakili ubao vizuri kuliko wote.

Hawa wote watatu tulikuwa tunawaweka kwenye rimedio moja ya jioni: mada ileile, Kiingereza kilekile, mwalimu yuleyule amechoka. Sasa homa tatu za chanzo tofauti utazitibu vipi kwa kidonge kimoja?

#3 Chaki Nyeupe

Sasa kazi yenyewe. Naanza na wale wa kwanza kwa sababu ndio wengi, na ndio wanaosaidika haraka.

Kuna ile kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki chache wanayopewa wakiingia kidato cha kwanza. Ni nzuri, ila wiki chache haziwezi kubeba kazi ya miaka saba. Halafu huachiwa mwalimu wa Kiingereza peke yake, na yeye hawezi kujua kwamba wiki ijayo mimi nitahitaji neno "denominator" na mwenzangu wa Biolojia atahitaji "cell wall". Kila mwalimu wa somo ni mwalimu wa lugha ya somo lake. Hili nililikataa miaka mingi. Nilisema sikusomea lugha.

Maneno nayagawa mafungu matatu.

Maneno ya somo ndiyo mepesi kuliko yote, msishangae. "Prime number" ni namba tasa, "perimeter" ni mzingo, "square root" ni kipeuo cha pili. Kitu chenyewe mtoto anacho, anakosa jina tu. Karatasi ya manila ukutani, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, mchoro katikati, tunaongeza maneno matano kwa wiki.

Maneno ya kuamuru ndiyo yanayoua. "Simplify", "evaluate", "show that", "hence", "state", "express as". Haya hayamo kwenye orodha ya mada yoyote, hakuna anayeyafundisha, na kila swali la mtihani linaanza nayo. Mtoto anajua kurahisisha sehemu, ila hajui kwamba "simplify" ndilo agizo la kurahisisha. Wiki mbili za mwanzo sifundishi mada mpya, nafundisha maamrisho haya, kwa hesabu za darasa la nne ili akili yote iende kwenye neno.

Fungu la tatu ni maneno ya kawaida yenye maana nyingine ndani ya Hisabati. "Table", "mean", "odd", "product", "difference". Niliwahi kuuliza "Find the difference between 12 and 5", mtoto akaandika "12 is big and 5 is small." Nilimkata. Leo ninajutia kalamu ile nyekundu. Alikuwa amesoma sentensi nzima ya Kiingereza, akaielewa, akaijibu kwa Kiingereza, na kwa maana ya kawaida ya neno lile alikuwa sahihi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kwenye Hisabati neno hilo linataka atoe.

Baada ya maneno, mazungumzo. Nikitoa swali gumu nawapa dakika tano walijadili wawiliwawili kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, nasema wazi. Wakimaliza, jibu linaandikwa kwa Kiingereza wakitumia sentensi zenye pengo nilizoziweka ubaoni: "The perimeter of the rectangle is ___ because ___." Mwanzoni wanajaza namba tu. Kufikia Mei wanajaza na ile sehemu ya "because", na hapo ndipo ninapojua nani ameelewa na nani amenakili.

Wengi wetu tunachanganya lugha kila siku kisha tunanyamaza wathibiti ubora wakiingia mlangoni. Tofauti ni kuchanganya kwa mpango: ujue kipi kinasemwa kwa Kiswahili, kipi kinaandikwa kwa Kiingereza, na lini unaanza kupunguza.

Naomba kuwasilisha. Wale wasiosoma nitawaandikia baadaye, nataka kwanza nisikie wenzangu.

#4 Mzee wa Ratiba

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho. Mimi ni mwalimu wa taaluma, na nitakupinga kwa heshima. Mtihani wa kidato cha pili hauandikwi kwa Kiswahili, wa kidato cha nne hauandikwi kwa Kiswahili. Ukimzoesha mtoto kujadili kwa Kiswahili unamchelewesha. Sisi shuleni tumeweka sheria: Kiingereza getini mpaka getini, na kibao cha kuvaa shingoni kwa anayevunja. Mwanzo mgumu, lakini wanazoea.

#5 Chaki Nyeupe

Mzee wa Ratiba, nakuheshimu na hoja ya mtihani ni ya kweli. Ndiyo maana nimesema lini unapunguza. Muhula wa kwanza kidato cha kwanza mazoezi yangu yana maswali ya lugha mbili. Muhula wa pili swali ni la Kiingereza, lakini nimeweka maana ya maneno matatu au manne pembeni. Kidato cha pili ni Kiingereza kitupu, sentensi fupi. Kuanzia katikati ya kidato cha pili ni lugha yenyewe ya mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani, na msamiati wa ukutani naubandua. Mwalimu anayetia Kiswahili bila kupanga siku ya kukitoa, hapo nakubaliana na wewe, anamponza mtoto.

Lakini kibao, hapana. Nimefanya kazi shule yenye kibao. Nilimwona mtoto akikaa kimya kuanzia asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani ili kisimfikie. Kutwa nzima hajasema neno kwa lugha yoyote. Lugha inakua kwa kusema, na sisi tulimfundisha kunyamaza. Mtoto wa aina hiyo haulizi swali darasani hata akiwa amepotea tangu dakika ya kwanza.

#6 Bint Ng'ambo

Mwalimu, nipo Unguja, nafundisha skuli ya msingi. Huku kwetu jambo hili tulilipata mapema zaidi, maana kufuatia sera ya elimu ya 2006 Hisabati na Sayansi zilipelekwa kwenye Kiingereza tangu darasa la tano. Nilikuwa mwanafunzi wa mwalimu aliyepewa vitabu vipya naye mwenyewe Kiingereza kinampiga chenga. Alikuwa mwalimu hodari mno kwa Kiswahili, watoto walikuwa wakitoka skuli za jirani kuja kumsikiliza. Kwa Kiingereza alibaki kusoma kitabu na sisi tunaitikia. Kwa hiyo naomba uongeze: mwalimu naye asaidiwe lugha. Si aibu, ila hakuna anayelisema.

#7 Chaki Nyeupe

Umesema kweli dada, na nashukuru umeigusa. Kwetu tulianza kitu kidogo: Ijumaa baada ya vipindi walimu watano tunakaa na mwalimu wa Kiingereza, kila mmoja analeta somo la wiki ijayo, tunalisema kwa sauti. Nusu saa tu. Mara ya kwanza nilijifunza kwamba neno "hence" nilikuwa nalitumia vibaya miaka tisa.

#8 Mama Furaha wa Kentucky

Mwalimu, asante kwa andiko hili. Mimi ni Mkongomani, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuja Marekani. Mwanangu alianza shule hapa akiwa na miaka 12, anajua Kiswahili na Kifaransa kidogo, Kiingereza sifuri.

Hapa siku ya kuandikisha wanakuuliza nyumbani mnasema lugha gani, kisha wanampima mtoto Kiingereza mara nne: kusikiliza, kusema, kusoma, kuandika. Kila mwaka wanarudia mpaka afike ngazi ya kuachiwa. Mwalimu wa lugha anaingia mpaka kwenye darasa la Sayansi, anakaa naye pembeni. Niliambiwa haya yote yana mzizi kwenye kesi ya 1974, wazazi wa watoto wa Kichina wa San Francisco walishtaki, na Mahakama ya Juu ya nchi ikasema kumweka mtoto darasani na kitabu kilekile huku haelewi lugha si usawa.

Lakini nataka nikuambie lililonikuta. Mwaka wa pili mwalimu mmoja aliniita akasema mwanangu huenda ana tatizo la kujifunza, apelekwe elimu maalumu. Nililia ndani ya gari. Jirani yangu mmoja akaniambia, mama, sheria ya hapa inasema wampime kwa lugha yake ikiwezekana. Nikarudi nikaomba. Wakaleta mkalimani wa Kiswahili. Mtoto akaeleza hadithi mwanzo mpaka mwisho, akafanya hesabu zote. Hakuwa na shida ya kichwa. Kwa hiyo unaposema umpime kwa lugha zote mbili, mimi nasimama na wewe.

#9 Chaki Nyeupe

Mama Furaha, pole na hongera. Nimesoma maneno yako mara mbili, na kesho nitayasoma kwenye kikao cha walimu ukiniruhusu.

Sasa niwaandikie kuhusu wale wasiosoma, maana nimetumiwa ujumbe mwingi faraghani.

Kipimo changu nilikiiga kwa Uwezo, mpango ulioanzishwa 2009 wa kupima watoto kusoma na kuhesabu Kenya, Uganda na hapa kwetu, ana kwa ana: silabi, neno, aya, hadithi. Unamweka mtoto kwenye ngazi aliyofika, hujali yuko darasa la ngapi. Na namna ya kufundisha ni ile ya shirika la elimu la Pratham la India, kuwapanga watoto kwa ngazi ya kusoma badala ya umri. Mtoto wa miaka 15 na wa miaka 13 wanakaa mkeka mmoja kama wote wamekwama kwenye neno.

Tunakutana saa 1 asubuhi, dakika 30, siku nne kwa wiki, kabla ya mstarini. Jioni nilijaribu ikafa, wanaotoka mbali wanawahi giza. Hailipiwi, na hatuiiti rimedio. Watoto wenyewe waliipa jina, wanaiita "klabu".

Na tunaanza kwa Kiswahili. Hapa ndipo nilipogombana na wenzangu wengi: "Yuko sekondari, unampotezea muda, mpe Kiingereza." Mtu asiyejua kwamba herufi zinaungana kutoa sauti, utamfundishaje hilo kwa lugha ambayo "though" na "tough" zinaandikwa karibu sawa na kusomwa mbalimbali? Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Akilipata hilo kwenye Kiswahili halimtoki tena, anahama nalo.

Vitabu vya darasa la kwanza sivitumii, vinawadhalilisha vijana wakubwa. Tunasoma ujumbe wa muamala wa simu, tangazo la mnada, habari ya mechi ya Jumapili, maelekezo kwenye pakiti ya mbegu. Kazi kubwa iko kwenye silabi zenye herufi za konsonanti zilizofuatana: nywa, mbwa, ndwe, ng'o, shwa. Hapo ndipo walipoachwa walipokuwa darasa la pili, na darasa likaendelea bila wao.

Sitasema wote walifaulu. Mmoja aliacha shule Agosti, na mpaka leo sijui kama ningemwahi mwezi mmoja mapema ingekuwaje. Wengine wanasoma.

#10 Mwalimu wa Mia na Ishirini

Mkuu, uzi mzuri lakini mimi nina watoto 120 kwenye chumba kimoja na vipindi 28 kwa wiki. Kumsikiliza mtoto mmoja mmoja nitamaliza mwaka.

#11 Chaki Nyeupe

Nakuelewa kaka. Aya ya sentensi tano ni dakika moja na nusu kwa mtoto. Kwa 120 ni saa tatu. Gawa kwa wiki tatu, chukua wanane au kumi kila mapumziko ya saa 4. Ukishindwa kabisa, anza na wale wenye daftari safi wasioongea.

Ya maneno ya kuamuru haihitaji muda wa ziada, ni dakika tano za mwanzo wa kipindi chako hichohicho. Ukichukua moja tu kwenye uzi huu, chukua hiyo.

#12 Mama Neema

Samahanini walimu, mimi si msomi, niliishia darasa la saba mwaka 1998. Nina genge la mboga. Mwanangu yuko kidato cha kwanza, daftari lote Kiingereza, nikilifungua sioni hata pa kuanzia. Namsaidiaje?

#13 Chaki Nyeupe

Mama Neema, karibu sana. KDS unaikumbuka? Namba tasa? Mzingo? Basi Hisabati ya kidato cha kwanza muhula huu unayo zaidi ya nusu.

Usisome daftari lake. Jioni mwambie akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa leo, kama anamweleza mtu asiyejua. Akiweza kukueleza ukaelewa, amelipata somo, Kiingereza kitafuata. Akianza kubabaika, au akikusomea maneno ya Kiingereza bila kuyafungua, mwambie kesho aende na swali hilo kwa mwalimu wake. Na pale gengeni mwachie hesabu za faida na chenji.

#14 Mama Neema

Nimerudi. Nilimuuliza juzi, akasema walifundishwa "perimeter". Nikamwambia nieleze. Akazunguka banda la kuku na kamba, akapima pande nne, akajumlisha, akasema mita 11. Nikamwambia huo si ni mzingo? Akanitazama, akasema, mama, kumbe unajua.

Leo tunapima shamba.